Kufundisha Kiingereza chekechea Thailand: nianzie wapi na watoto wasiojua neno hata moja?

Chekechea_Umoja

Habari zenu walimu. Mwezi wa tano naripoti shule moja karibu na Bangkok kufundisha Kiingereza Anuban 2, yaani watoto wa miaka minne kwenda mitano. Darasa lina watoto 25, kipindi ni dakika 30 kila siku, na kuna mwalimu msaidizi wa huko huko. PP2 (mwaka wa pili wa chekechea hapa Kenya) naijua, lakini hapa mtoto akikwama unamwelezea kwa Kiswahili na kazi inaendelea. Huko mimi sina Kithai, wao hawana Kiingereza. Naomba msaada: dakika 30 nizigawe vipi, maneno mangapi kwa wiki, herufi zianze lini, na nibebe nini kutoka Nairobi?

Kadi_na_Mpira

Hongera kwa kazi, Mwalimu. Kubwa kuliko yote: usiwadai watoto waseme mapema. Umri huo mtoto husikia kwanza, hutenda, halafu ndipo huongea, na wako watakaonyamaza wiki kadhaa ilhali wanaelewa. Mwezi wa kwanza wapime kwa matendo. Mwanasaikolojia Mmarekani James Asher aliifanyia kazi njia hii tangu miaka ya 1960: mwalimu anasema "stand up" huku akisimama, watoto wanasimama naye. Baadaye sema wewe mwenyewe ukiwa umekaa, na hapo utamjua aliyeelewa na anayemwiga jirani.

Maneno mapya manane kwa wiki yanatosha kabisa, matatu au manne kwa kipindi, siku zinazobaki ni kurudia. Chukua "cup". Inua kikombe chenyewe, litamke mara tatu, watoto wasikilize tu. Ongeza "ball" na "spoon" vivyo hivyo. Kisha "touch the cup", "give me the ball". Wakishika bila kusita, inua kijiko uulize "Is it a cup?" Watacheka na kukataa kwa nguvu. Halafu wape la kuchagua: "cup or spoon?" Swali la "What is it?" ni la mwisho, wala si lazima lije siku hiyo. Ukianzia hapo utapata darasa zima linaimba neno kwa sauti moja bila kujua linahusu nini.

Dakika 30: tatu za salamu na wimbo uleule kila siku, tano za maneno ya jana, sita za mapya, nane za mchezo wa mwili, tano za kazi ya mezani, tatu za kukusanya vifaa na kuagana. Muda hupotelea kwenye kuhama. Watoto 25 wakiinuka kwa mpigo kwenda mezani, hiyo kazi ya mezani imeisha kabla haijaanza. Waite watano watano, na krayoni ziwe zimeshapangwa, kopo moja kwa kila meza.

Rangi zina mtego. Ukiinua tufaha jekundu ukasema "red", wengi watadhani ndilo jina la tunda. Onyesha kofia, kalamu na ndoo, vyote vyekundu. Tena "red", "pink" na "orange" zisije siku moja, zitakorogana. Anza na "red" na "blue".

Silabi_Hadi_Sauti

Kuhusu herufi, hapa ndipo sisi wa PP2 tunahitaji kujisahihisha. "Ba be bi bo bu" ni ngazi nzuri ya kusoma Kiswahili kwa sababu kinaandikwa kinavyotamkwa. Kiingereza hakiendi hivyo. Wiki nne hadi sita za kwanza ningeacha herufi kabisa, masikio yafanye kazi. Kisha anza na sauti za herufi, si majina yake, kwa mpangilio wa s, a, t, p, i, n. Hizo sita tu zinakupa "sat", "pin", "tap", "nap" na "tin". Sauti moja ikae siku mbili au tatu. T itamkwe kavu, bila irabu nyuma yake. Ukisema "ta", mtoto akiunganisha atapata "sa-a-ta", na hapo "sat" haipatikani.

Tumia herufi ndogo kwanza. Kithai hakina herufi kubwa, na hakiachi nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo wakianza kuandika baadaye watabananisha maneno. Wafundishe kuweka kidole baada ya kila neno.

Katika Kithai, s ya mwisho wa silabi huelekea t, na l huelekea n. Utasikia "bus" ikiwa "but" na "ball" ikiwa "bon". Usimkatize mtoto. Rudia wewe neno ukiirefusha s, huku ukiburuta kidole mezani mpaka sauti iishe, naye aburute chake.

Na sisi tuna yetu. Kiswahili kina irabu tano, hivyo wengi wetu tunatamka "hat" na "hut" sawasawa, na "ship" na "sheep" vilevile. Watoto hao watabeba unachowapa. Jirekodi kwa simu ukisoma jozi hizo, sikiliza kesho yake, na kabla hujazitenganisha usiziweke kwenye kadi za wiki moja. Lafudhi ya Nairobi haina ubaya wowote, mradi maneno mawili yasigeuke moja.

Chekechea_Umoja

Asanteni sana, hilo la silabi sikuwa nimeliwaza. Msaidizi je? Nasikia wengine hutafsiri kila sentensi.

Kadi_na_Mpira

Ongea naye kabla ya siku ya kwanza. Akitafsiri kila kitu, watoto watakuacha useme tu huku wakingoja Kithai. Tafsiri ibaki kwa anayelia, anayeumwa, au jambo la usalama. Msaidizi anakufaa zaidi kama mwenzako wa mazungumzo. "What's your name?" haifundishiki na mtu mmoja, watoto watakurudishia swali lenyewe. Uliza wewe, ajibu yeye, mbadilishane, ndipo umwite mtoto mchangamfu. Akuandikie pia majina mafupi ya watoto kwa herufi za Kilatini, maana majina rasmi huko ni marefu na shuleni wanaitana kwa yale mafupi.

Usimpapase mtoto kichwani kumpongeza, huko kichwa kinaheshimiwa sana. Gonganeni viganja. Mkikaa sakafuni, unyayo usielekee mtu.

Vifaa: kadi za A4, picha moja kwa kadi, bila mandhari nyuma. Ndogo zaidi haionekani na mtoto wa nyuma. Zipigishe laminesheni River Road, kisha kata ncha za pembe ziwe duara kwa sababu zinachoma. Ongeza kikaragosi cha mkono chenye mdomo unaofunguka. Matunda anza na embe, ndizi na papai, huko yapo tele.

Karatasi_Kwanza

Naongeza la makaratasi. Chanjo ya homa ya manjano iwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na kadi yake ikae kwenye begi la mkononi. Cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi wa jinai) huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Wakala akikwambia uingie na viza ya utalii mtabadilisha ukifika, kataa, kwa sababu kufundisha kwa viza hiyo ni kosa kisheria huko. Unayohitaji ni Non-Immigrant B, yaani viza ya kazi, na barua za shule uziwasilishe mtandaoni kupitia mfumo wa e-Visa wa Thailand. Leseni ya wakala ihakikishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujatoa hata shilingi.