Betri ya simu kuzikwa kwa gundi: tukubali au tupinge?

Mleta mada

Wakuu, simu yangu ina miaka mitatu. Jana usiku niliiweka mezani, nikaigusa kioo ikayumba kama stuli yenye mguu mmoja mfupi. Nikaiinua kuitazama kwa ubavu: mfuniko wa nyuma umeachana na fremu, ukucha unapita. Betri imevimba.

Zamani hii isingekuwa habari. Unabandua mfuniko, unatoa betri, unaweka nyingine, maisha yanaendelea. Sasa kila ninayemuuliza ananiambia mpaka ipashwe moto, gundi ilegee, halafu tuombe kioo kisipasuke. Kioo kizima, kamera nzima, spika nzima. Kilichokufa ni kitu kimoja ambacho hata aliyeitengeneza alijua kitakufa mapema, na ndicho alichokizika chini kabisa.

Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023: kuanzia 18 Februari 2027, betri za vifaa vya kubebeka ziwe za kutolewa na mwenye kifaa mwenyewe, bila zana za ajabu ajabu. Mimi nasema kila nchi ingekuwa na sheria ya namna hiyo. Anayepinga aje na hoja.

Chaji Nusu

Napinga, mkuu. Simu ninayoandikia hapa imeshatumbukia kwenye ndoo ya maji mara mbili. Hiyo gundi unayoitukana ndiyo iliyoniokoa.

Halafu tuseme ukweli, betri nyingi zinauawa na wenyewe. Simu inachajiwa usiku kucha chini ya mto, kava nene kama koti la baridi, asubuhi ukiishika inaunguza. Betri ya lithiamu inachukia joto kuliko kitu chochote, na cha pili inachukia kukaa imejaa pomoni kwa saa nyingi. Mimi naichomoa ikifika 80, naichomeka ikikaribia 20. Wala si lazima ukae macho: simu nyingi za siku hizi zina sehemu ya kuweka kikomo cha chaji, iko kwenye mipangilio ya betri. Na nyie mnaosubiri izime kabisa ndipo mchaji, eti ili "isisahau", hayo yalikuwa mambo ya betri za nikeli-kadimi.

Mzee wa Kitochi

Kitochi changu nakichaji Jumapili. Jumapili inayofuata ndiyo naanza kutafuta chaja niliiweka wapi. Endeleeni.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo, wewe hujambo na kitochi chako.

Chaji Nusu, suala la maji lilishajibiwa zamani. Samsung Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilikuwa na mfuniko wa kubandua kwa ukucha, betri ya kuchomoa, na bado ilikuwa na kiwango cha IP67, yaani mita moja ya maji kwa nusu saa. Ilihitaji mpira wa kuziba kwenye mfuniko na mtu kukumbuka kuubana vizuri. Sikatai kwamba simu inanenepa kidogo.

Ushauri wako wa chaji nauchukua. Lakini betri ni kemia, hata ukiifungia kwenye droo inazeeka. Tairi nalo huisha hata dereva awe mpole vipi, na sijaona gari linalouzwa matairi yakiwa yamechomelewa.

Fundi Vioo

Mimi nafungua simu kila siku, ngoja niseme ninachokiona mkononi.

Kwanza wewe mleta mada: usiichaji tena hiyo simu, hata kidogo. Usiubonyeze mgongo ili urudi, na yule atakayekushauri utoboe "itoe hewa" mkimbie. Kama bado ina chaji, hamisha picha na namba zako sasa hivi, kisha izime na uiweke mbali na chochote kinachoshika moto. Mnaikumbuka Note 7 ya mwaka 2016? Samsung waliiondoa sokoni kote na kuacha kabisa kuitengeneza kwa sababu betri zilikuwa zinawaka. Ile ilikuwa kasoro ya kiwandani, yako ni uzee, ila kilicho ndani ni jamii moja.

Sasa gundi. Kwa macho yangu gundi si adui mkubwa. Simu nyingi betri imeshikwa na utepe wenye ulimi. Unaukamata ule ulimi, unauvuta polepole huku mkono umelala sambamba na betri, unarefuka, unarefuka, unatoka mzima. Ukikatika katikati ndipo kazi inapoanza: matone machache ya spiriti pembeni, unasubiri, halafu unapitisha kadi ya plastiki chini yake. Bisibisi hapana, ukitoboa betri umeita moshi. Mikono iliyozoea, nusu saa.

Kinachonishinda mimi ni programu. Nachukua kioo kutoka simu moja, naweka kwenye nyingine ya aina ileile, vyote orijino, vyote vizima. Simu inawaka, halafu mwangaza haujirekebishi wenyewe, au inaandika kwamba spea haitambuliki. Kila spea ina namba yake na bodi inaijua ile iliyotoka nayo kiwandani. Jimbo la Oregon kule Marekani lilitunga sheria mwaka 2024 kuzuia mchezo huo. Mkidai gundi itoke mkasahau hili, mtabandua mfuniko kwa raha zenu halafu simu iwakatalie betri mliyoinunua.

Bi Hesabu

Fundi umenena. Nami niongeze, maana kaka yangu mleta mada ametusomea sheria nusu.

Ulaya ina kanuni nyingine ya simu iliyoanza kutumika 20 Juni 2025. Hiyo inamruhusu mtengenezaji kuiacha kazi ya kubadili betri kwa fundi, ilimradi betri ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000 kamili ya chaji (yaani kujaa na kuisha mara 1,000), na simu yenyewe isipitishe maji wala vumbi. Kwa hiyo simu nyingi za daraja la juu zitabaki na gundi yake, na ni halali. Mimi nalikubali hilo. Ukichaji mzunguko mmoja kwa siku, hiyo ni karibu miaka mitatu kabla hujaanza kuona tofauti kubwa. Afadhali betri inayodumu kuliko inayochomoka.

Kanuni hiyohiyo inadai masasisho ya mfumo kwa angalau miaka mitano tangu simu ilipoacha kuuzwa, na kwangu hapo ndipo penye uzito. Simu yangu ya mwisho haikuuawa na betri. Siku moja programu ya ujumbe iliniandikia kwamba mfumo wangu umepitwa na wakati, basi, ikawa saa ya ukutani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Humo ndani vimo vingi vilivyokuwa vizima kama hiyo yangu.

Chaji Nusu

Kwenye programu nawaunga mkono. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba walikuwa wanapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisijizime ghafla. Kitaalamu ina mantiki kabisa. Ubaya ni kwamba mwenye simu hakuambiwa, akadhani simu imezeeka, akaenda kununua nyingine wakati betri mpya ingetosha. Mwaka 2020 Ufaransa iliwatoza faini ya yuro milioni 25 kwa kunyamaza huko.

Ila betri ya kuchomoka bado siitaki. Mmesahau simu ikianguka inavyogawanyika mara tatu? Simu huku, mfuniko kule, betri iko chini ya kabati unaitafuta kwa ufagio.

Mzee wa Kitochi

Sijasahau. Ilitokea jana. Nimeunganisha, imewaka.

Mleta mada

Marejesho, siku mbili baadaye. Nilifuata maelekezo ya Fundi Vioo: nilihamisha picha, nikaizima, nikaipeleka. Nilisimama pale pale kuangalia. Mgongo ulipashwa moto, kadi ya plastiki ikazunguka pembeni, ulimi wa kwanza wa gundi ukatoka vizuri, wa pili ukakatika. Spiriti ikatumika. Betri ilipotoka ilikuwa imetuna kama mto mdogo, fundi akaiweka peke yake kwenye bati bila kusema neno. Kioo kimepona.

Bi Hesabu, hoja yako ya masasisho imeniingia, ya gundi bado. Na Fundi, kila nikiiwasha sasa inaniandikia kwamba betri hii haiwezi kuthibitishwa. Ule ujumbe unaondokaje?

Fundi Vioo

Hauondoki.