Mjadala: Daktari wa watoto akasomee selimundu wapi?

Mama wa Barani, Malindi
Naomba tulijadili hili. Madaktari wanaosomea ubingwa wa watoto hujifunza magonjwa ya damu katika wodi za hospitali kubwa za kufundishia, ambako mtoto hufikishwa hali ikishakuwa mbaya. Nasema kila mmoja wao alazimike kukaa miezi 3 huku Pwani, kwenye kliniki ya selimundu, au siko seli kama wengi tunavyoiita, ule ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu kama mundu, ndipo ahitimu.

Sababu yangu ni mwanangu. Alikuwa na miezi 8 mikono na miguu ilipomvimba. Tukazunguka zahanati mbili na hospitali moja. Mara ameanguka, mara ni malaria. Damu ilikuja kupimwa selimundu akiwa na miaka 3, ameshaongezewa damu mara mbili. Na kule kuvimba ni miongoni mwa dalili za mwanzo kabisa! Daktari aliyekwisha kuiona kwa watoto kumi haimpiti.

Tabibu wa Zamu
Pole sana, mama. Hata hivyo napinga. Magonjwa ya damu ya watoto si selimundu peke yake. Kuna himofilia, ambapo damu haigandi vizuri, hata sindano ya paja tu yaweza kumvujisha mtoto damu ndani ya msuli. Kuna saratani ya damu, ambayo huthibitishwa kwa kutoa uboho na kuusoma kwa hadubini. Mwanafunzi atakayezoea selimundu tu, kila akiona viganja vimepauka atasema ni hiyo. Nani atamsahihisha? Mabingwa wa damu ya watoto ni wachache mno nchini.

Mkaa Maweni
Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alipopima watu mwaka 1949 aliwakuta waliorithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, wasiougua wenyewe, wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akaeleza kwa nini: urithi huo wa upande mmoja humkinga mtu na malaria kali. Basi mwanafunzi aufuate ugonjwa uliko. Na utafiti wa haidroksiurea, dawa ya selimundu, uliochapishwa 2019 ulifanywa Angola, Kongo, Uganda na hapa Kilifi. Watoto walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu, hata vifo. Kilifi si mbali na Malindi. Wa kufundisha wapo.

Binti Mokowe
Na Lamu msitusahau. Mtoto wa kisiwani akipewa rufaa ni boti kwanza, kisha barabara ya Garsen, naye analia mifupa njia nzima.

Tabibu wa Zamu
Ndugu yangu wa Maweni, la Kilifi nalikubali. Lakini kituo cha utafiti si kliniki ya kaunti. Haidroksiurea inataka damu ipimwe mara kwa mara, kwani dozi ikizidi hushusha chembe nyeupe za damu, zinazopigana na maradhi. Mashine ikikosa kemikali, mwanafunzi atajifunza nini zaidi ya kuandika rufaa?

Mama wa Barani, Malindi
Ajifunze hivyo hivyo, daktari, maana huko ndiko atakakopangiwa kazi. Muuguzi mmoja wa kliniki alinishika mkono, akauweka chini ya mbavu za kushoto za mwanangu, akanifundisha kuipapasa bandama. Akaniambia: ikivimba ghafla na mtoto akapauka, damu imejazana humo, usingoje kukuche. Usiku mmoja wa Ramadhani nikaikuta imevimba. Hata daku hatukula, tukapanda tuktuk. Leo yuko gredi ya nne. Daktari kijana aliyetupokea hakuwa anajua kwamba mama hufundishwa jambo hilo. Akaniomba nimwonyeshe, nikamwonyesha.

Tabibu wa Zamu
Hilo sina la kulijibu, mama. Basi waje, lakini waje na mwalimu wao, na iwe miezi 2, mmoja uliobaki wakasome saratani na himofilia.

Mama wa Barani, Malindi
Mwalimu aje, karibu sana. Lakini kliniki yetu ni mara moja kwa mwezi. Kwa miezi 2 atamwona mwanangu mara mbili tu.