Mchungaji anataka mbegu kutoka pesa za matanga, na mimi kuomba kumenishinda. Nishaurini

Mama_Mukene
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni msomaji wa kimya humu, leo nimelazimika kuandika.

Mume wangu alifariki mwezi wa pili. Alikuwa dereva wa lori, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Juba, na miaka yote niliomba barabara isimchukue. Barabara haikumchukua. Alianguka sebuleni akifunga kamba za viatu. Daktari akasema presha imepasua mshipa wa kichwani. Alikuwa na miaka 41. Tuna watoto watatu, mkubwa yuko Senior 3 (kidato cha tatu), mdogo bado namfunga mgongoni.

Watu walisimama nasi, siwezi kulalamika. Madereva wenzake walichanga, majirani wakaleta mabugo (mchango wa rambirambi), majina yote nimeyaandika kwenye daftari. Baada ya jeneza, chakula na usafiri ikabaki shilingi 1,400,000. Hiyo, pamoja na mukene (dagaa) ninaouza hapa Busia, Uganda, ndiyo mali niliyo nayo, na karo ya muhula wa pili iko mlangoni.

Sasa mchungaji wangu ameniita ofisini. Anasema kifo cha ghafla vile si cha bure, wanaume wa ukoo ule hawafiki uzee (ni kweli, baba mkwe naye alianguka hivyo hivyo), ni laana, na sasa inamtafuta kijana wangu. Nipande mbegu, yaani nitoe sadaka ya milioni moja ili Mungu anijibu, nifunge kavu bila hata maji siku saba, na katika mfungo huo niache vidonge vyangu vya presha ili kuonyesha imani. Akanisomea habari ya mjane wa Sarepta aliyempa Eliya mkate wa mwisho. Upande mwingine shemeji yangu ameitisha kikao cha ukoo kuhusu nyumba. Hajasema anataka nini, ila ameshauliza mara mbili funguo ziko wapi.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kuomba kumenishinda. Mimi ndiye nilikuwa naongoza maombi ya akina mama kila Jumatano. Sasa nikilala naanza Baba Yetu, nikifika "mapenzi yako yatimizwe" koo linafunga, sipiti hapo. Nikisema namwamini Mungu nahisi nadanganya, nikisema simwamini nadanganya pia.

Je, nitoe hiyo pesa? Na mtu wa hali yangu, asiyeweza hata kuongea na Mungu, anamtegemeaje?

Mtoto_wa_Katwe
Pole sana nyabo (mama). Mwambie mchungaji mbegu hupandwa na mwenye shamba. Aanze yeye.

Jeshi_la_Bwana
Tusiwe wepesi kuwacheka watumishi. Nilipanda mbegu mwaka 2019 nikiwa sina kazi, sina nauli, na Bwana alinijibu, sitakubali mtu anifundishe kulikana hilo. Mambo ya ukoo nayo yapo, sisi wa kijijini tunayajua. Mama, usivunjwe moyo na watu wa mijini wanaoandika kwa dharau. Ila hilo la vidonge, hapo hata mimi nimeshtuka.

Nesi_wa_Zamu
Mama, kwanza pole. Pili, vidonge vya presha visiachwe, hata siku moja ya mfungo. Ukiviacha ghafla presha inaweza kupanda kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza dawa, na ukiongeza kukaa bila maji kwenye jua la Busia unatafuta kile kile kilichomwangusha mume wako. Ukitaka kufunga, ongea kwanza na anayekupa dawa. Mungu hakosi kuisikia sala ya mtu aliyemeza kidonge.

Kuhusu laana. Baba aliangushwa na presha, mwana akaangushwa na presha. Presha hurithiwa, na mara nyingi haina dalili hata kidogo mpaka siku hiyo. Kwa hiyo mchungaji hakukosea kumwogopea kijana, amekosea dawa. Mpeleke kituo cha afya cha serikali wamfunge ile kamba ya kupima presha mkononi, ni dakika chache na hulipi kitu. Na wale shemeji zako wapimwe, pamoja na huyo mwenye kuuliza funguo.

Neno moja la mwisho kutoka kwangu: usingizi ukikosekana wiki baada ya wiki, au mawazo ya kutaka kumfuata marehemu yakija, usiyafiche kwa kuogopa kuonekana huna imani. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili. Wanaotibiwa humo ni wagonjwa kama wengine tu, wengi wao wana rozari na Biblia mikononi.

Katekista_Tororo
Dada, mimi ni katekista, Mkatoliki, kwa hiyo Jeshi ataniambia mambo ya mbegu siyajui. Biblia lakini ni moja.

Mchungaji amekusomea 1 Wafalme 17 akaishia katikati. Endelea. Eliya aliomba mkate mdogo, hakuomba akiba ya nyumba. Kisha akahamia pale pale na kula unga ule ule pamoja na mjane na jamaa yake kwa siku nyingi. Mchungaji akija kula ugali na mukene kwenu mpaka njaa iishe, hapo tutazungumza habari za Sarepta. Halafu shuka mstari wa 17: mtoto wa yule mjane anaugua, anakata roho. Mama anamgeukia Eliya: umekuja kwangu ili dhambi yangu ikumbukwe na kumuua mwanangu? Yaani yeye mwenyewe ndiye anayeleta hoja ya laana. Eliya haipokei. Hamwambii "ndiyo mama, kuna kitu kwenye ukoo wenu." Anamwambia nipe mwanao, anambeba hadi chumba cha juu, na huko juu anamlalamikia Mungu kwa ajili ya yule mama. Aliyebeba mzigo ni nabii. Mjane alibaki chini mikono mitupu.

Sasa fungua 2 Wafalme 4. Huyu ndiye anayefanana na wewe: mume amekufa, mtu wa deni anataka kuwachukua watoto. Elisha anamuuliza, una nini nyumbani? Chupa ya mafuta. Azima vyombo kwa majirani, mimina, uza, lipa deni, wewe na wanao mkaishi kwa kinachobaki. Nabii hakuchukua hata kijiko. Na ukitaka kujua Yesu alisema nini, soma Marko 12 kwa mpangilio wake. Kabla tu ya senti mbili za mjane, ambazo kila mhubiri anazijua, kuna mstari wa 40 juu ya watu wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu. Huo hausomwi siku ya sadaka. Sijui kwa nini.

Kuhusu kuomba. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtu wake hadi lini. Ya 88 haina hata mwisho mzuri, inaishia gizani, na bado Kanisa limeiweka kwenye sala ya usiku ya kila Ijumaa. Aliyeiandika alikuwa anaomba. Kwa hiyo koo likifunga kwenye "mapenzi yako yatimizwe," ishia hapo, lala. Ni maneno yale yale yaliyomtoa Yesu jasho Gethsemane, na yeye aliyarudia usiku mmoja zaidi ya mara moja kabla hayajapita.

Bibi_wa_Mukono
Mwanangu, ninayesema ni bibi, anayeandika ni mjukuu, msimlaumu kwa herufi.

Mimi ni mlokole wa zamani, wale wa wimbo wa Tukutendereza. Mwaka 1977 nilikuwa msichana. Askofu Mkuu wetu wa Kianglikana, Janani Luwum, alipouawa tarehe 16 Februari, pale kanisa kuu la Namirembe, Kampala, kaburi lilichimbwa, lakini mwili haukuletwa. Serikali ya Amin iliupeleka kwao Mucwini, Kitgum. Watu walikusanyika Namirembe bila maiti wakaimba. Yule baba alikuwa mtu wa maombi kuliko sisi sote. Nani angemwendea mkewe kumwambia kwamba ni laana ya ukoo, alete pesa?

Katika ushirika wetu mtu alikuwa anasimama na kusema wazi, ndugu zangu, moyo wangu umekauka. Sitaficha, walikuwepo waliokimbilia kumuuliza ametenda dhambi gani. Wenye hekima walikuwa wanaanzisha wimbo na kuimba hata kama yeye hakufungua kinywa. Basi wewe acha kuongoza Jumatano kwa sasa. Kaa benchi la nyuma. Waache wenzako waombe, wewe itikia amina, na amina isipotoka, kaa tu na mtoto wako. Ulipokuwa na nguvu uliwaombea wao. Sasa ni zamu yao, na wakikataa zamu yao hilo ni lao na Mungu.

Halafu niambie, nani analala nawe humo ndani? Kama ni wewe na watoto peke yenu, mwite dada yako au mama yako akae hata mwezi. Na kaeni karibu na funguo zenu.

Karani_Mbale
Wameshaongea wenye Neno, mimi niseme ya mahakamani, kwa sababu nimeona wajane wengi wanafunga na kuomba huku nyumba inauzwa.

Sheria ya mirathi ilirekebishwa mwaka 2022. Mume akifa bila wosia, nyumba mliyokuwa mnaishi ni ya mjane na watoto kuendelea kuishi, na kumfukuza mjane humo ni kosa la jinai. Mali nyingine inagawanywa: watoto asilimia 75, mjane 20, ndugu waliokuwa wanamtegemea marehemu 4, mrithi wa kimila 1. Shemeji akija na hesabu nyingine, mwambie kwa heshima hiyo si sheria ya Uganda.

Mambo mawili ya kuangalia. Ndoa yenu iwe ilifungwa, kanisani au kwa mahari ya kimila, kwa maana waliokaa tu pamoja bila ndoa sheria haiwahesabu kuwa mke na mume, ingawa watoto haki yao iko pale pale. Pili, kama nyumba imejengwa kwenye shamba la baba mkwe na ardhi haijawahi kugawanywa, maneno yatakuwepo, nenda ukiwa umejiandaa. Tafuta cheti cha kifo, barua ya mwenyekiti wa LC1 (serikali ya kijiji) na cheti cha ndoa kama kipo, upeleke ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi upate cheti cha kutokuwa na pingamizi, kisha mahakamani kuomba usimamizi wa mirathi. Wanasheria wanawake wa FIDA wanawasaidia wasio na uwezo. Kwenye kikao usisaini karatasi yoyote. Wakikuharakisha, sema utaipeleka isomwe kwanza.

Mama_Mukene
Nimewasoma wote, mengine mara tatu. Mungu awabariki.

Nilipeleka karo jana, kwa hiyo swali la mbegu limejijibu lenyewe. Mchungaji nimemwandikia kwamba sitaweza, hajajibu. Jumapili sijui nitasali wapi, labda nitamfuata jirani yangu Mwanglikana nikae nyuma kama bibi alivyosema.

Kijana nimempeleka. Presha yake iko juu kidogo, miaka 16! Wamesema apunguze chumvi, arudi mwezi ujao apimwe tena. Alitoka pale ananiuliza, mama, kumbe ni hiki tu? Kwa sababu alikuwa ameshasikia habari ya laana kanisani, kuna mtu alimwambia, na mimi sikujua.

Zaburi 88 nimeisoma. Sijui niseme nini. Nilifika mwisho nikaona hakuna anayeniambia nishukuru, nikalala mpaka asubuhi.

Karani, ndoa yetu ni ya kanisani, cheti ninacho. Kikao ni Jumamosi na kwetu hakuna mwanamume wa kusimama upande wangu, kaka yangu yuko Uarabuni. Kuna mtu wa hapa Busia?

Jeshi_la_Bwana
Mama, mimi bado naamini katika kupanda, na Katekista tutaendelea siku nyingine, ile habari ya Sarepta hajaimaliza. Lakini niko hapa Sofia, mtaa wa Busia. Nitakuja na mke wangu Jumamosi, tukae nawe upande wako. Sitaongea sana, nikianza mnizuie.

Mtoto_wa_Katwe
Jeshi, hapo nimekuvulia kofia.

Karani_Mbale
Vizuri. Mkeo achukue kalamu aandike kila linalosemwa, na waliohudhuria wataje majina yao mwanzoni. Mwombeni mwenyekiti wa LC1 awepo tangu kikao kinaanza, asiitwe maneno yakishachafuka. Vyeti halisi viacheni nyumbani, nendeni na nakala. Namba za simu msiziandike hapa, tumianeni faraghani.