Sushi nzuri usiku baada ya mechi ya Mariners: nimpeleke wapi mwanangu?

MamaZuhura_Kent

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Seattle na vitongoji vyake. Naomba msaada wenu kabla ya Ijumaa.

Mwanangu wa pili ana miaka 14 na besiboli imemwingia damuni. Ana jezi ya Ichiro, nyota wa zamani wa Mariners, timu yetu ya besiboli, namba 51, aliyoinunua kwa pesa yake mwenyewe ya kukata nyasi za majirani, na ukimgusa tu atakuhesabia zile hiti, yaani mapigo ya kumfikisha besi, 262 za mwaka 2004. Ijumaa tuna tiketi za T-Mobile Park, uwanja wa Mariners, mechi inaanza saa kumi na mbili na dakika 40 jioni. Soseji za uwanjani hazitaki. Anataka tukitoka pale tukale sushi, na mimi nimeshamwahidi.

Mwezi uliopita tulijaribu, ikatuendea vibaya. Tulitoka uwanjani saa nne kasoro, tukaingia mkahawa mmoja ambao mlangoni umeandika unafunga saa tano. Upande mmoja viti vilikuwa vimeshapandishwa juu ya meza. Sahani ikaja: wali wa baridi, mgumu kama kiporo, ukiushika kwa vijiti unamomonyoka, na samaki ana majimaji. Mtoto alikula vipande vitatu akaweka vijiti chini, hakusema neno. Iliniuma kuliko kama angelalamika.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, samaki nikimfunua shavu namjua ni wa leo au wa juzi. Lakini huyu aliyekwisha kukatwa vipande sina pa kumshikia. Nitamjuaje? Na je, mirin, ile pombe ya kupikia ya Kijapani, imo kwenye vitu gani? Hatutumii pombe, na sipendi kumuuliza mhudumu akanijibu ilimradi amejibu.

fundi_wa_wali

Waaleikum salaam Mama Zuhura. Mimi mtu wa Pangani, huu ni mwaka wa saba niko jikoni kwenye sushi hapa mjini. Nilianza na vyombo, nikapewa wali, sasa nakata samaki. Ninapofanya kazi sipataji, nisionekane napiga debe.

Samaki ndiye anayekutia wasiwasi, lakini kwa ulivyoeleza, kilichowaharibia usiku ule ni wali. Wali wa sushi unatakiwa uwe na joto la mkono. Ukishapikwa unamiminwa kwenye beseni la mbao, unatiwa siki, sukari na chumvi, unakatwakatwa kwa mwiko bila kupondwa, halafu unafunikwa. Hapo una saa chache tu za uhai. Mkahawa ambao hautarajii wageni wengi usiku hupika wa mwisho mapema, na kuna wengine, Mungu awasamehe, wanautia friji. Ukiingia friji umekwisha, punje inakauka na haishikani tena. Ndicho mlicholishwa.

Ile saa iliyoandikwa mlangoni ni ya kufunga mlango. Oda ya mwisho ya jikoni huwa nusu saa kabla, pengine saa nzima. Kwa hiyo Ijumaa mchana piga simu uulize mambo mawili: oda ya mwisho ya sushi ni saa ngapi, na wali wa mwisho mnapika saa ngapi. Jiko linalojali litakujibu palepale.

Saa mtakayotoka si ya kubahatisha sana siku hizi. Tangu mwaka 2023 mrushaji anahesabiwa sekunde, na mechi ya kawaida ilishuka mwaka ule kutoka saa tatu na dakika nne hadi saa mbili na dakika 40. Ikianza saa kumi na mbili na dakika 40, saa tatu na dakika 20 au nusu mko nje. Isipokuwa iningi, zile zamu za mchezo ambazo kawaida ni tisa, zikiongezwa. Tarehe 10 Oktoba 2025, mechi ya tano ya mtoano na Detroit Tigers, zilifika 15. Tulikuwa tunaitazama kwenye simu tuliyoiegemeza kwenye chupa ya siki. Iningi ya 11 mkuu wa jiko akatuuliza: tupike wali mwingine au tufunge? Wali kutoka mwanzo unakula kama saa nzima, kuosha, kuloweka, kupika, kuuacha utulie, kuutia siki. Tukapika. Jorge Polanco wa Mariners alipopiga mpira uliomaliza mambo, 3 kwa 2, saa nne usiku ilikuwa imeshapita. Muda si mrefu wakaanza kuingia watu wa jezi, sauti zimewakauka, na wali ulikuwa bado unatoa mvuke. Nimepika wali mwingi maishani mwangu lakini ule naukumbuka.

Sasa mahali. Jirani kabisa na uwanja ni Chinatown-International District, kama robo saa kwa miguu kwenda kaskazini. Pale ndipo ilipo Maneki, ya tangu mwaka 1904. Ni sehemu ya kuheshimiwa sana, lakini ni ya jioni, mpeleke siku mechi ikichezwa mchana. Usiku tazama mitaa ya Belltown au Capitol Hill. Belltown kuna Umi Sake House, First Avenue. Capitol Hill kuna Momiji, 12th Avenue. Zote mbili piga simu kwanza, saa hubadilika. Na uliza kama wana nafasi ya mtoto: hapa Washington upande wa baa aliye chini ya miaka 21 haketi, na kuna sehemu ambazo usiku ukikua huwa baa tupu.

Kuhusu samaki: usitafute "ambaye hajagandishwa". Samoni wa kuvuliwa, si wa kufugwa, akiwa wa kuliwa mbichi anatakiwa awe amegandishwa ili minyoo ife, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Jodari hana sharti hilo. Ubaya unaingia kwenye kuyeyusha. Akiyeyushwa harakaharaka anatoa maji, ndiyo yale majimaji uliyoyaona. Kaeni kaunta mkipata, umtazame kabla hajakatwa: kipande kinang'aa, kingo hazijakauka, trei haina maji chini.

Mirin ni divai tamu ya mchele. Imo kwenye mchuzi mweusi wa mkunga, mara nyingi kwenye yai tamu la kukunja, na kwenye ponzu, ule mchuzi mchachu wa ndimu. Zile "nyama za kaa" za bandia mara nyingi nazo zina mirin. Wali waulize, maana kuna majiko yanaongeza mirin kwenye siki. Salama zaidi agiza nigiri, yaani kipande cha samaki juu ya tonge la wali, za samoni, jodari, au samaki aitwaye hamachi, na umwambie mpishi asizipake mchuzi, mtachovya wenyewe. Sosi ya soya nayo, ile ya kuchachushwa, huwa na alkoholi kidogo ya asili. Hapo uamuzi ni wako.

Kasongo_Tukwila

Mama, jambo. Mimi wa Lubumbashi, naendesha teksi usiku, mitaa hiyo naijua. Gari usilipeleke uwanjani. Liache kituo cha Tukwila International Boulevard, panda treni ya 1 Line hadi Stadium. Mechi ikiisha usisimame pale Stadium na watu wote wale, tembeeni hadi kituo cha International District mkipanda hapo.

Fundi amesema vizuri, lakini Belltown mimi ningeiacha. Ukishuka kituo cha Westlake bado una mwendo, na mtoto kachoka. Capitol Hill kituo kiko jirani na mikahawa. Halafu tazama treni ya mwisho ya kurudi kusini kabla hamjaagiza chochote.

Rukia_Renton

Mimi hununua sushi Uwajimaya, Fifth Avenue, kabla ya mechi, naingia nazo uwanjani. Chakula cha nje wanaruhusu. Sihangaiki na usiku.

fundi_wa_wali

Dada Rukia, ni njia nzuri mkizila iningi mbili za mwanzo. Usizikalie hadi ya tisa, tafadhali. Samaki mbichi mapajani saa mbili nzima sikubaliani nayo hata kidogo, hasa Julai na Agosti.

Kasongo, hapo kwenye Capitol Hill umenishinda. Mama Zuhura, mfuate yeye.

MamaZuhura_Kent

Jumamosi asubuhi, nimerudi kuwaambia. Nilipiga simu sehemu tatu. Ya kwanza hawakuelewa swali la wali. Ya pili wakasema mtoto mwisho saa tatu. Ya tatu, Capitol Hill, aliyepokea akanyamaza kidogo, akaenda kuuliza jikoni, akarudi: wali wa mwisho saa tatu kasoro robo, oda ya mwisho saa nne na nusu. Nikasema tunakuja.

Mechi ilikwisha saa tatu na dakika 25, saa nne kasoro dakika chache tumeketi kaunta. Nikatazama trei kama ulivyonifundisha, kavu. Mpishi akamwekea mwanangu nigiri ya sockeye, aina ya samoni, nyekundu kama pilipili mbivu. Akaila kwa mkono, akanitazama, akasema, "Mama, wali una joto." Akala kumi na moja. Treni tuliiwahi.

Allah akulipe kheri kaka, na wewe Kasongo. Sasa anataka nimpikie nyumbani. Nina mchele wa pishori, utafaa?

fundi_wa_wali

Amin. Nimefurahi mno.

Pishori hapana, Mama Zuhura. Punje zake huachana, ndiyo sifa yake kwenye pilau, na hapa unataka zishikane. Nunua mchele mfupi wa Kijapani. Vikombe vitatu vya mchele, uoshe hadi maji yawe karibu angavu, uloweke nusu saa, upike kwa maji karibu sawa na mchele. Siki ya mchele theluthi moja ya kikombe, sukari vijiko vitatu vya mezani, chumvi kijiko kimoja cha chai, vipashe moto viyeyuke bila kuchemka. Chupa ya siki isome, iliyokwisha kukolezwa wakati mwingine ina mirin. Mimina wali ungali moto, ukate kwa mwiko, mtoto apepee kwa kipepeo cha ukili au hata gazeti. Funika kwa kitambaa kibichi. Friji usiufungulie.