Betri nne za droni: nizizungusheje zisife mapema?

Muuliza: Wakuu, nina betri nne. Mbili natumia kila mara kwa sababu ziko juu kwenye begi, mbili zimekaa miezi mitatu zikiwa zimejaa. Leo nimetoa moja, imevimba, haiingii hata kwenye nafasi yake. Nimekosea wapi?

Jibu: Pole sana mkuu. Betri za lithiamu zinachakaa zikikaa zimejaa, yaani volti 4.2 kwa kila seli (vipande vya umeme vilivyounganishwa ndani ya betri), hata usipozigusa, na joto linazidisha. Kama hurushi siku mbili tatu, zishushe hadi 3.8 hivi, nusu ya chaji au juu kidogo. Hiyo iliyovimba usiichaji tena wala usiitoboe. Iweke mbali na vinavyoshika moto, kisha uipeleke panapopokelewa betri chakavu.

Zangu nimeziandika namba, 1 hadi 6. Inayotua inakwenda mwisho wa foleni. Natua ikibaki asilimia 25, halafu naishika kiganjani: ikiwa bado ina uvuguvugu, chaja inasubiri. Namba 3 niliistaafisha baada ya kuona seli moja kila ikitua iko volti 0.2 chini ya wenzake. Roho iliniuma, ila droni ikizimika angani inauma zaidi.

Muuliza: Asante. Na kuzimaliza hadi sifuri mara mojamoja?

Jibu jingine: Usithubutu! Hayo ni ya betri za zamani za nikeli. Lithiamu ikishuka chini ya 3.0 kwa seli inaumia. Hiyo ya nne, iliyokaa imejaa pamoja na iliyovimba, kama yenyewe haijavimba irushe leo mpaka nusu, uihifadhi.