Majirani Kawe: Krismasi ya Mama Doreen

*Jumamosi jioni*

Mama Neema (Mweka Hazina): Habari za jioni majirani. Krismasi ndiyo hiyo, na Baba Doreen bado yuko Jamhuri ya Afrika ya Kati kulinda amani. Nimewaza tumfungie kifurushi: kahawa, karanga, pilipili ya kusaga, na fulana mbili tatu. Kila kaya elfu tano. Mnaonaje?

Halima Saluni: Wazo zuri. Ila dada, Mama Doreen si yumo humu humu 😂

Mama Neema: Najua yumo. Simfichi kitu, na yeye asikie.

Elia: Mimi nipo. Pale Mbezi, stendi ya Magufuli, kuna mabasi ya Kongo, wanapokea mizigo. Nikaulizie?

Mzee Kessy: Elia mjukuu wangu, Berberati alipo Baba Doreen iko magharibi kule, jirani na Kamerun. Ukishaimaliza Kongo ndiyo unaanza kuitafuta. Karanga zitafika Pasaka.

Elia: 😂😂 Shikamoo babu.

Mzee Kessy: Marahaba. Mzigo wa askari unaulizwa kikosini kwake. Kukiwa na safari na nafasi watawaambia, na watasema kipi kinapokelewa. Msifunge chochote kabla ya kuuliza. Na chakula kule kipo, Umoja wa Mataifa unawapa. Hakuna anayelala njaa.

Baba Junior: Naomba niseme ukweli, mnisamehe. Huyu bwana yuko UN, ni mtu wa dola. Sisi wa kuungaunga ndiyo tumchangie yeye? Mimi naona angetuma yeye soda za mtaa mzima.

Halima Saluni: Baba Junior jamani 🙈

Mzee Kessy: Mwacheni, aliloliuliza wengi wanalo moyoni. UN haimpi askari mshahara mkononi. Inairudishia serikali fedha kwa kila askari kwa mwezi, na serikali ndiyo inayomlipa mtu wake. Anapata zaidi ya yule aliyebaki kambini hapa, hilo silipingi. Ila dola haipandi darini kuziba bati.

Baba Junior: Bati gani tena?

Halima Saluni: Ile mvua ya juzi si iliingia sebuleni kwa Mama Doreen. Nilienda kumsaidia kuhamisha makochi, tukakinga maji kwa mabeseni mpaka alfajiri.

Bi Mwanaidi: Na sisi tulio ukuta kwa ukuta hatujui! Haya ni makosa. Idi ile alinipikia biriani mwenyewe akaniletea, mumewe hayupo.

Mama Neema: Basi sogeza hilo kwanza, kifurushi baadaye.

*Jumapili asubuhi*

Shukuru Bodaboda: ↪️ *Ujumbe uliotumwa mara nyingi* 🔊 0:47

Shukuru Bodaboda: Jamani sikilizeni hii, wanasema vijana wetu wameshambuliwa usiku huko nje. Mungu awalaze pema 😭

Halima Saluni: Uwiii! Wapi?? Lini??

Elia: Nimeisikiliza mara mbili. Hataji nchi, hataji siku, hataji jina lake. Na kwa nyuma anasikika mtu anauza maji ya Uhai 🤔

Mzee Kessy: Shukuru, futa. Futa sasa hivi, kwa wote.

Mzee Kessy: Mnakumbuka Desemba 2017? Tarehe 7, kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu ya Kaskazini kule Kongo. Walianguka vijana wetu zaidi ya kumi. Ile ilikuwa kweli, na hata hivyo kabla majina hayajatoka mtaani kwetu watu walishaanza kulia mtu ambaye alikuwa mzima. Mama yake alizimia kwa taarifa ya mtu wa kijiweni. Jeshi lina utaratibu wake wa kuifikia familia. Utaratibu huo haupiti kwenye kikundi cha WhatsApp.

Shukuru Bodaboda: *Ujumbe huu umefutwa*

Shukuru Bodaboda: Nisamehe Mama Doreen. Nimeipokea kwenye kikundi cha kijiwe nikairusha bila kufikiri.

Mama Neema: Mama Doreen, uko wapi? Tunaona umesoma.

Mama Doreen: Nilikuwa kanisani, misa ya kwanza. Nimetoka nimekuta hiyo sauti, miguu ikaisha nguvu. Nimekaa hapa kwenye benchi la nje. Nimempigia hapatikani, ila hapatikani siku nyingi tu, mtandao wao unakata.

Bi Mwanaidi: Kaa hapo hapo mwanangu, nakuja. Nimeshavaa baibui.

*Jumapili mchana*

Mama Doreen: Amepiga. Mzima. Alikuwa anafua. Ahsanteni. Shukuru nimekusamehe, usirudie.

Mama Doreen: Sasa na mimi niseme, maana mnanijadili kama nimesafiri 😅 Kifurushi nashukuru sana, lakini msihangaike nacho. Aliondoka na begi zito. Shida yetu ni saa. Kule wako nyuma yetu saa mbili. Akimaliza kazi na kuoga, kwake saa mbili usiku, hapa ni saa nne, watoto wamelala. Nikimwamsha Doreen anajibu "ndiyo baba, ndiyo baba" huku kasinzia, asubuhi analia kwamba baba hakupiga.

Elia: Si wamrekodie sauti mchana? Akipata mtandao zinashuka, anasikiliza hata mtandao ukikata.

Mama Doreen: Tunafanya, ila zinaisha kuwa "baba njoo, baba uniletee baiskeli." Anaumia.

Mzee Kessy: Mimi nilikuwa Darfur, Sudan, nikilinda amani kama yeye. Krismasi moja jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, akanipigia kuniambia mtoto wangu kalazwa. Mke wangu alikuwa ameamua kunyamaza mpaka apate nafuu. Ningefanya nini kule? Nililinda geti nikiwa sioni mbele. Sisemi afichwe mambo, hapana, mke ana haki ya kumwambia mumewe lolote na kwa saa anayoitaka yeye. Sisi majirani ndiyo tujifunge midomo. Sisi tumtumie upuuzi. Nani kamfunga nani bao, nani kaongezewa kodi, kuku wa Bi Mwanaidi kaingia tena msikitini. Mtu aliye mbali ana njaa ya upuuzi wa kwao.

Bi Mwanaidi: Kuku wangu hakuingia msikitini. Aliishia barazani.

Elia: 😂😂😂 Hii ndiyo ya kumtumia.

Mzee Kessy: Na jingine. Elia, ile picha uliyoweka stetasi, Baba Doreen amesimama na wenzake getini, "kesho tunatoka doria." Itoe. Kwamba wapo Berberati kila mtu anajua, magazeti yameandika. Lini wanatoka na njia gani, hilo si la stetasi.

Elia: Nimeitoa babu. Alinitumia mwenyewe.

Mzee Kessy: Nitamwambia na yeye.

Mama Neema: Turudi kwenye michango. Nimepata kaya tisa. Napendekeza tufanye bati na Krismasi yao. Mama Doreen, Moshi unaenda?

Mama Doreen: Mwaka huu hapana. Nauli za msimu mnazijua, na Januari ni sare na madaftari. Na nikiiacha nyumba inavuja nitakuta bwawa.

Halima Saluni: Basi Krismasi mnakula kwangu. Na watoto wa kike nawasuka bure Jumatano.

Baba Junior: Niulize, hilo bati limetobolewa na nini? Nyumba yenyewe si ya zamani.

Mama Doreen: Mwembe.

Baba Junior: Mwembe upi?

Mama Doreen: Wako, Baba Junior. Lile tawi lililovuka ukuta. Baba Doreen kila akipiga, akishauliza watoto, swali la pili ni "lile tawi limekatwa?" Nilikuambia mwezi wa kumi, ukasema tusubiri maembe yaive.

Halima Saluni: 👀

Mama Neema: 👀👀

Shukuru Bodaboda: Dola zimehusikaje sasa 😂

Baba Junior: Haya. Haya. Bati na misumari juu yangu. Kesho asubuhi nakuja na fundi wa kenchi aangalie na mbao. Tawi tunaliondoa lote.

Mzee Kessy: Piga picha ukiwa juu ya ngazi. Hiyo tunamtumia yeye.

Baba Junior: Ngazi ipo kwa nani?

Elia: Kwako. Uliiazima kwa Baba Doreen kabla hajasafiri.