Daktari kaniandikia MRI ya mgongo, niende au niache?

Kijana_Busia: Wakuu, nisaidieni haraka. Mgongo unanisumbua tangu Januari, na ganzi imeshuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba. Eksirei haikuonyesha kitu, daktari akaniandikia MRI, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili. Miadi ni Jumatano, nusu ya pesa nimeshalipa. Inauma? Na mionzi yake haimalizi nguvu za kiume?

MamaShamim: Haiumi, na si mionzi, ni sumaku na mawimbi ya redio. Ila kelele! Kama mafundi wote wa Katwe wanakugongea bati sikioni. Nililala mle dakika 40 nasoma Ayatul Kursi mpaka hesabu ikanipotea. Hata pini za hijabu walinivua.

Mzee_Malaba: Vijana mmezidi vipimo. Baba yangu alibeba magunia mpakani hapa miaka yote, mgongo ukikaza anakandwa kwa maji ya moto, kesho yuko kazini.

Nubi_Bombo: Mdogo wangu, una chuma chochote mwilini?

Kijana_Busia: Kwa nini?

Nubi_Bombo: Jibu kwanza.

Kijana_Busia: Sina. Yaani, mimi natengeneza mageti. Mwaka juzi nikisaga chuma, kichembe kiliniruka jichoni, kikatolewa. Nadhani kilitoka chote. Kwenye fomu nimejaza "hapana", maana ukisema ndiyo wanakuahirisha, nami nimeshauza mbuzi watatu.

Nubi_Bombo: Kumbe! Ile sumaku haizimwi hata usiku mashine ikiwa haina mgonjwa. Kichembe kikiwa kimebaki, kinaweza kusogea kikakuharibia jicho. Waambie, wakupige eksirei ya macho kwanza.

Kijana_Busia: Jicho linaona vizuri bana, mwaka wa pili huu. Na hiyo eksirei ni pesa nyingine.

Mchokozi_Jinja: Ngojeni. Huyu si ndiye mwezi jana alikuwa dereva wa boda anatafuta mke Tororo? Leo ana mageti na mbuzi. Tunachezewa.

Mzee_Malaba: Nilijua tu! Hata hiyo ganzi ni ya kusoma.

MamaShamim: Mke alipatikana?

Kijana_Busia: Boda asubuhi, mageti jioni, kuna ajabu gani? Mke bado, mnadhani niliulizia nguvu za kiume za nini? Haya, nimewapigia simu. Dada wa mapokezi kanyamaza kidogo, kisha kasema nije mapema, macho kwanza. Mbuzi wa nne huyo.

Mchokozi_Jinja: Na mahari utalipa kwa kuku?